Mwaka Niliouza Harufu ya Upya

Mwezi uliopita, kwenye sherehe ya harusi mjini Biharamulo, nilimwamkia Mzee Anakleti shikamoo kwa sababu tu mdomo umezoea. Aliitikia marahaba huku akitafuna, akanishika mkono usio na sahani, akanigeuza kuelekea meza kuu kama mtu anayeonyesha ng'ombe mnadani. Siku hizi ni mgeni rasmi wa kudumu. Ana suti ya kijivu, ana fimbo asiyoihitaji, na ana sauti ya mtu ambaye hajakatizwa kwa miaka mingi. Aliwaambia watu kwamba mimi ni kazi ya mikono yake, kwamba nilifika kwake kutoka Nyakisasa sijui hata kumkaribisha mteja, na leo nina karakana yangu Ngara. "Nani alimfundisha?" akauliza. "Muulizeni mwenyewe." Ukumbi ukapiga makofi. Watu wetu humpigia makofi yeyote aliyesimama na suti, hata akitangaza kwamba choo kimejaa. Mimi nilitabasamu, nikarudi kwenye kiti changu, nikamaliza pilau. Sikubisha kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Yeye ndiye alinifundisha. Hakuwaambia tu alinifundisha nini, nami nimeona ni afadhali niandike mwenyewe kabla hajafa na kusomewa wasifu.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita na matokeo ambayo hayakunipeleka popote. Nilijiona msomi. Nilikuwa na Kiswahili cha mtihani, sketi mbili za kuvaa ofisini ingawa sikuwa na ofisi, na dharau kubwa kwa kila mtu aliyeshika jembe. Duka la Anakleti lilikuwa karibu na soko la Biharamulo. Mbele kulikuwa na chumba kirefu chenye makochi, vitanda na makabati yaliyofunikwa nailoni, nyuma kulikuwa na uwanja wa mafundi. Aliniajiri siku ileile niliyoingia kuuliza kazi, na mafundi walidhani ni kwa sababu ya sura yangu. Haikuwa sura. Alikuwa na tatizo, na tatizo hilo lilihitaji mtu mwenye Kiswahili kizuri.

Samani zake zilinuka. Sisemi zilikuwa na harufu ya mbao mpya, ile ambayo mtu husimama karakana­ni akaivuta kwa raha. Hizi zilinuka ukali unaoingia puani kama kitunguu, kisha unashuka kooni na kukaa huko na utamu mbaya. Makabati yalitengenezwa kwa chipubodi, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi ukawa ubao. Mbao hizo Anakleti alizinunua kwa madereva wa malori yaliyopita mpaka wa Rusumo, nyingine zikiwa zimeshanyeshewa njiani. Vanishi ilipakwa asubuhi, nailoni ikafungwa mchana, na jioni kabati liko chumbani kwa mtu, limefungiwa mvuke wake ndani kama ndizi zilizofukiwa shimoni ziive. Kungoja wiki tatu kabla ya kuuza hakukuwamo katika elimu ya Anakleti. Wateja walirudi wakilalamika kwamba macho yanawawasha na vichwa vinauma. Yeye hakubadilisha gundi wala ubao. Aliniajiri mimi.

Alinifundisha kwa siku mbili, akiwa amekaa kwenye kochi la nailoni lililolia kila alipojigeuza. Jambo la kwanza, alisema, nisikatae kwamba kuna harufu, maana mtu mwenye pua hawezi kubishiwa. Niseme ni harufu ya upya. Niseme kitu cha mtumba hakinuki hivyo, na kwamba wenye nazo mijini huinunua harufu hiyo kwenye chupa. Kisha nifungue kikapu changu, chenye marashi, limau na vipande vya mkaa, nifute, ninyunyize, niweke mkaa pembeni, nikae kidogo kwa heshima, niondoke. Kulikuwa na mambo mawili nisiyoruhusiwa kuyatamka hata kwa kuteleza: kutoa samani nje, na kufungua nailoni. Nilimwuliza kwa nini. Alinitazama kama mwalimu anayempenda mwanafunzi wake. "Ikikaa nje itabanduka," alisema. "Ikibanduka wataona ndani." Nilicheka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa aibu kuliko yote ya siku ile, kwamba nilicheka, nikajiona nimeingizwa kwenye siri za wakubwa.

Hivyo nikaanza kuingia majumbani kwa watu, na nakiri kwamba waliifanya kazi yangu kuwa nyepesi. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mbegu na mbolea aliyenunua makochi saba kwa sebule inayotosha manne. Nilipofika saa ya chakula cha mchana nilikuta familia yote imeketi kwenye mkeka koridoni, wakila ugali wa muhogo na dagaa, magoti yamegusana, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kula mbele ya makochi. Macho ya mke wake yalikuwa mekundu. Watoto walijifuta kamasi kwa mikono ya mashati. Mama yule aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni vitunguu, na hapakuwa na kitunguu hata kimoja kwenye zile dagaa. Wakati huohuo mume wake alikuwa mlangoni akiongea na simu, akimwambia ndugu yake aje kuona, aje upesi kabla harufu haijaisha. Nilinyunyiza marashi juu ya nailoni na nikawaacha na harufu mbili badala ya moja. Walinishukuru. Mama alinisindikiza mpaka barabarani huku akipepesa macho.

Kulikuwa pia na wakala wa forodha kule Rusumo, kijana mwenye funguo nyingi kiunoni, aliyenunua kitanda chenye kabati na kioo. Alikuwa amejaribu kila alichoambiwa na kila aliyemwambia: vitunguu vilivyokatwa nusu chini ya kitanda, maganda ya nanasi juu ya kabati, kahawa kwenye visosa, ubani. Chumba kilinuka kama jiko la wendawazimu. Alisema kichwa kinamuuma kila asubuhi, lakini ana hakika ni moshi wa malori yanayosubiri kuvuka. Dirisha alikuwa amelifunga kwa misumari, moshi usiingie. Nilimpa hotuba ya upya, akaisikiliza huku akiitikia kwa kichwa, na wakwe zake walipopiga hodi kabla sijamaliza alinitambulisha kwao kuwa ni mtaalamu kutoka dukani. Nilipenda neno hilo. Katika basi la kurudi nilijirudia kimoyomoyo, mtaalamu, mtaalamu, na kikapu changu cha limau kikiwa mapajani. Niliwadharau wote wawili, mfanyabiashara na wakala. Sikuona kwamba wao walijidanganya bure, ilhali mimi nililipwa kudanganya.

Pasaka ya mwaka huo Anakleti alinipa zawadi ya kabati dogo la droo tatu ambalo mteja alikuwa amelirudisha. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mama mmoja muuza vitenge, upande wa boma la Wajerumani. Nililala na kabati lile siku nne. Siku ya tano niliamka na koo kama nimemeza mchanga, na ndipo yule mtaalamu alipoacha utaalamu wake akatumia akili. Sikunyunyiza marashi. Nililiburuta kabati mpaka barazani, nikachomoa droo, nikaligeuza. Chini, nyuma na kwenye kingo za ndani, pale ambapo macho hayafiki, ubao ulikuwa mtupu, haukupakwa chochote, na nilipoweka pua hapo nilirudi nyuma kama nimepigwa kofi. Harufu ilitoka humo. Niliomba vanishi iliyobaki kwa mafundi, nikaziba kingo zote na migongo yote, mara mbili, nje kwenye upepo. Niliacha droo zikiwa zimetenganishwa chini ya upenu, kivulini, jua lisizipinde wala mvua isizilowanishe. Kila jioni niliinama kunusa. Wiki ya pili harufu ilipungua. Wiki ya tano haikuwepo. Mkaa nao niliujaribu ndani ya droo moja, nikaona husaidia kidogo tu, na marashi hayasaidii kabisa. Kwa hiyo nilijua. Naandika hivyo ili nisije nikajifichia popote: kufikia mwezi wa tano nilijua kabisa harufu inatoka wapi, inaondokaje na inachukua muda gani. Nilirudisha kabati langu ndani, nikapanga nguo zangu, nikalala vizuri, na kesho yake nikabeba kikapu kwenda kwa mteja.

Mteja huyo alikuwa Mwalimu Yasinta. Alifundisha shule ya msingi pembeni ya mji, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, Ponsiano, wiki tatu kabla. Mume wake alikuwa kazini mbali. Aliyekuwa akimsaidia ni mama mkwe wake, Bibi Koleta, mama wa kutoka moja ya zile familia za Warundi zilizohamia zamani na kulima mpaka zikawa za hapahapa. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja cha kulala. Kabati la Anakleti, la milango mitatu, lilichukua ukuta mzima na kuziba nusu ya dirisha. Kati ya kabati na kitanda kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu, na mtoto alilazwa upande huo, ili Yasinta asimlalie. Walinikaribisha kwa ndizi na maharage, sahani iliyojaa, na Yasinta akanieleza jinsi alivyolitamani kabati hilo tangu akiwa chuoni, awe na mahali pa kutundika gauni badala ya kuvuta nguo kutoka kwenye sanduku chini ya kitanda. Aliniuliza kama harufu ile haimdhuru mtoto. Aliuliza kwa unyenyekevu, kama mtu anayeogopa kuonekana mshamba.

"Hapana, Mwalimu," nilimwambia. "Hiyo ni harufu ya upya tu."

Akatulia. Nilimwona akitulia, mabega yakashuka. Nilinyunyiza marashi, nikaweka mkaa, nikanawa mikono, nikamaliza ndizi zangu.

Niliitwa tena baada ya siku tisa. Mtoto alikuwa akipiga chafya na macho yake yalitoa matongo. Bibi Koleta alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi, na bila kuinua kichwa akasema, "Hiri kabati rinapumua. Rinapumua kuriko mtoto." Nilimjibu kwa adabu, shikamoo bibi, ni jipya tu bibi, lakini moyoni nilikuwa nikizicheka hizo r zake. Nilifikiri: mtu asiyeweza kutamka kabati hili atanifundisha nini mimi juu ya kabati hili? Niliongeza marashi. Yasinta aliniuliza kama afungue nailoni iliyofunika milango, na nikasema hapana, vumbi litaharibu vanishi. Nilisema hivyo bila hata kufikiri. Anakleti alikuwa amenifundisha vizuri sana.

Mara ya tatu sikuitwa, nilijipeleka mwenyewe, na nyumba nikaikuta imefungwa. Jirani, mmoja wa vijana wawili waliokuwa wakifyatua matofali, aliniambia wamekwenda hospitali tangu asubuhi, mtoto hapumui sawasawa. Nilikwenda na kikapu changu mkononi. Wodi ya watoto ilikuwa na pazia badala ya mlango, na nilipofika karibu nikasikia sauti ya tabibu, mwanamume mchovu, akiuliza maswali yake kwa mpangilio. Je, wanapikia ndani? Hapana. Wamepaka rangi? Hapana. Wamepuliza dawa ya wadudu? Hapana. Kuna kitu chochote kipya ndani ya chumba anacholala mtoto?

"Hakuna," alisema Yasinta. Kisha, kwa kuwa ni mwalimu na hupenda jibu kamili, akaongeza, "Kuna kabati jipya, lakini hilo halina shida. Kuna dada wa dukani huja kuliangalia. Amesema ni harufu ya upya tu."

Nimeishi na sentensi hiyo mpaka leo. Nimesikia watu wakinitukana kwa lugha tatu, na hakuna tusi lililonifikia pale ilipofika heshima ile. Tabibu akasema kabati hilo litoke kabla mtoto hajarudi, na Yasinta akaanza kunitetea, akamwambia huyo dada ni msomi, ana kidato cha sita. Sikuinua pazia. Ningependa kuandika kwamba niliinua, nikaingia, nikasema kila kitu. Nilirudi nyuma hatua moja moja mpaka nikagusa ukuta, nikatoka nje ya hospitali karibu nikimbie.

Bibi Koleta alikuwa amerudi nyumbani kuchukua uji na vitenge vya mtoto. Nilirudi kwao, nikamkuta akifungua mlango. Nilimwambia tulitoe kabati. Hakuniuliza kwa nini leo na si juzi, aliweka chupa ya uji chini, akawaita vijana wa matofali. Tulilivuta watu wanne. Lilipopita mlangoni mgongo wake ulibanduka wote, ukaanguka uani, na wote tukaona. Mgongo haukuwa ubao. Yalikuwa maboksi ya karatasi ngumu yaliyopakwa rangi ya kahawia, mengine bado yana mchoro wa mwavuli na mshale wa kuonyesha upande wa juu. Kingo za chipubodi zilikuwa zimevimba kama mkate uliolowekwa. Majirani walikusanyika. Mmoja aliweka pua ndani akakohoa mpaka akashika magoti. Bibi Koleta alizunguka kabati mara moja, akalitazama, akanitazama mimi, akachukua uji wake akaenda hospitali.

Habari Biharamulo hazihitaji gari. Haikupita saa moja Anakleti alifika amepakiwa kwenye pikipiki. Hakupaza sauti, yeye huwa hapazi. Alinivuta pembeni.

"Rudisha ndani."

"Mtoto yuko hospitali, bosi."

"Watoto wote wachanga hukohoa. Rudisha ndani, watu wanaona."

"Wacha waone."

Kisha akaniomba kikapu. Nikampa. Akatazama ndani, akahakikisha chupa ya marashi ipo, akahesabu na malimau, kisha akapanda pikipiki akiwa amekipakata kama mama aliyetoka sokoni. Huo ndio ulikuwa mwisho wa ajira yangu.

Ponsiano alikaa wodini siku sita akarudi, na kifua chake kikatulia baada ya wiki kadhaa. Walimlaza sebuleni, madirisha wazi. Nami nilikwenda pale kila siku. Hakuna aliyeniita. Sikuwa na kazi, na nisingeweza kuketi chumbani kwangu nikitazama droo zangu zisizonuka. Niling'oa maboksi yote. Fundi mmoja wa Anakleti, aliyekuwa na haya kidogo, tofauti na wenzake ambao hawakuwa nazo kabisa, alinipa mabaki ya mbao za msindano zilizokauka, nikajifunza kuzipiga randa kwa kumtazama. Nilitengeneza mgongo mpya. Nilikata kingo zilizovimba, nikapiga msasa, nikaziba kila uso wa ubao kwa vanishi, nje, chini ya upenu, mlango mmoja mmoja, nikasubiri. Yasinta alipita karibu yangu kwenda sokoni na kurudi. Hakunisemesha. Katika sehemu zetu hata mwizi aliyekamatwa hupewa maji, lakini wiki hizo tano sikuona kikombe kutoka mkononi mwake, na sikumlaumu. Bibi Koleta aliniletea uji mara mbili tatu, akauweka chini hatua moja kutoka nilipokuwa, akaondoka kabla sijashukuru.

Mjini, nilikuwa nikingoja duka la Anakleti lisusiwe. Nilikuwa bado mjinga. Ndani ya mwezi huo alipaka ukuta wa mbele maneno makubwa: SAMANI ZILIZOKAUSHWA KWA UPEPO. Akaweka viti viwili barazani, viwili vilevile kila siku, vinakauka mpaka vikapauka, huku nyuma vanishi ikipakwa asubuhi na nailoni ikifungwa mchana. Watu walijaa. Yule mfanyabiashara wa mbolea aliagiza meza ya chakula. Nilimkuta sokoni akaniambia kwa huruma kwamba nimefanya haraka kuacha kazi, maana bosi wangu sasa amepiga hatua. Nilimwuliza macho ya mama watoto yanaendeleaje. Alisema yanaendelea vizuri, wamemnunulia miwani ya jua.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Nililirudisha kabati ndani na vijana wa matofali, safari hii kwenye ukuta wa pili, dirisha likiwa huru. Lilikuwa baya. Rangi ya mgongo haikufanana na ya milango, na mlango wa kati ulining'inia kidogo. Yasinta aliingia akiwa amembeba mtoto. Alinikabidhi mtoto bila kunitazama, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumshika, akafungua milango yote mitatu, akaingiza kichwa ndani. Alikaa humo muda mrefu. Nilisikia akivuta pumzi, akiachia, akivuta tena. Ponsiano alikuwa amenishika kola, mzito, anapumua kimya. Yasinta akatoka, akafunga mlango mmoja, akasimama akiwa ameshika komeo.

"Ile siku ya kwanza nilipokuuliza," alisema, "ulikuwa unajua?"

Nilikuwa na majibu. Mwaka mzima nilikuwa nimefundishwa kujibu swali la namna hiyo, na jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lina heshima, lina neno Mwalimu mwanzoni. Ningeweza kusema kwamba na mimi nilidanganywa. Angeliamini, maana hata hospitali alinitetea.

"Nilikuwa najua," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Alinyoosha mikono, akamchukua mtoto wake kutoka kwangu, akanipa mgongo, blauzi yake ikiwa na maziwa begani, na kwa mkono mmoja akaanza kutundika magauni.